Jiwe jeusi la Matema: namna miamba ya nyufa inavyotunza tarehe za matetemeko ya kale

Mkinga_Mawe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke kiporo.

Mezani hapa nina jiwe la ukubwa wa nusu tofali. Nililiokota mwaka juzi kwenye korongo nyuma ya Matema, chini kabisa ya milima ya Livingstone, pale maji ya mvua yanapoporomosha mawe kutoka Ukinga hadi ziwani. Ni naisi ya kijivu, ile yenye mistari ya rangi ya maziwa na majivu. Katikati yake unapita mshipa mweusi, mnyoofu, unene wake kama njiti ya kiberiti. Mshipa haufuati mistari ya jiwe, umeikata. Sehemu mbili umetoa tawi, na tawi linaingia ubavuni mwa jiwe kama mzizi unaotafuta maji, linazidi kuwa jembamba hadi linaishia humo humo. Ukilitega juani ukatumia lenzi, ndani ya ule weusi unaona vipunje vya jiwe lile lile la kijivu, vimelainika kingo, vimezama kama punje za mchele kwenye uji.

Nimefungua uzi kwa sababu kila ardhi ikitikisika Mbeya, Kyela au Makete, tunarudi kwenye kumbukumbu za wazee. "Babu anasema hapa halijawahi kupiga kubwa." Babu ana miaka 90. Hata tukimuongeza baba yake na babu yake, hatujafika popote kwenye maisha ya ufa unaopita chini ya Matema. Kumbukumbu ndefu ziko kwenye mawe yaliyosagwa na kuyeyuka ndani ya nyufa zenyewe, na zinasomeka.

Mshipa mweusi wa namna hii unaitwa sudotakilaiti. Jina lilitolewa mwaka 1916 na S. J. Shand, aliyekuwa akichunguza mawe ya Parijs, Afrika Kusini, ndani ya eneo la Vredefort lililopigwa na kimondo. Ile ya kule imetokana na kimondo (na sisi tunacho chetu pale Mbozi, ila hicho kina uzi wake). Mwaka 1975 Richard Sibson alieleza mishipa kama hiyo kutoka visiwa vya Outer Hebrides, Uskoti, na kuonyesha kwamba ile iliachwa na matetemeko ya kale. Tangu hapo mwanajiolojia akiukuta mshipa huu juu ya ufa, anaacha kila kitu anapiga magoti.

Sababu ni hii. Sugua viganja vyako kwa nguvu, vinapata moto. Sasa fikiria pande mbili za mlima, kilomita kumi chini, uzito wote wa juu umezigandamiza, halafu zinateleza kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Msuguano wote unaishia kwenye tabaka la milimita chache. Joto linapita nyuzi 1,000. Jiwe linakuwa uji, na uji huo kwa kuwa umebanwa unajipenyeza kwenye kila kiufa cha pembeni: ndiyo yale matawi. Mwendo unakoma, mwamba wa pembeni ni wa baridi, uji unaganda ndani ya sekunde au dakika chache. Nyufa nyingine husogea polepole, milimita kwa mwaka, bila kumwamsha mtu usingizini. Mwendo huo hauna joto la kuyeyusha kitu. Kwa hiyo mshipa kama huu, kuanzia kuzaliwa hadi kuganda, ni kazi ya tetemeko.

Sasa tarehe. Hapa naomba tuende taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotelea.

Ukiuliza "jiwe hili lina umri gani?" umeuliza swali lenye majibu matatu au manne. Naisi ya jiwe langu ni ya ukanda wa Ubendi, miamba iliyopikwa ardhini kati ya miaka bilioni 2 na bilioni 1.8 iliyopita. Mshipa umeikata, kwa hiyo ni mdogo kwake. Kwa kiasi gani? Inabidi utafute saa ambayo tetemeko lenyewe liliirudisha kwenye sifuri.

Watu wa Tukuyu, mnaoijua mvua, mtanielewa upesi. Weka debe chini ya bati linalovuja. Ukijua yanadondoka matone mangapi kwa saa, kisha ukapima maji yaliyomo, unajua debe lilimwagwa lini mara ya mwisho. Ndani ya mwamba kuna potasiamu, na sehemu yake ndogo mno, ile ya uzito wa 40, hubadilika yenyewe. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25. Kiasi cha ile inayobadilika huwa gesi ya agoni, na gesi hiyo hunaswa kwenye jiwe gumu. Jiwe likiyeyuka gesi inatoroka: debe limemwagwa. Likiganda, matone yanaanza kuhesabiwa upya.

Maabara wana mbinu yao ya kusoma debe. Kipande kinapelekwa kwenye kinu cha nyuklia ili sehemu ya potasiamu igeuke agoni ya uzito wa 39, kisha kinapashwa moto kwa leza hatua kwa hatua, na kila hatua gesi inapimwa. Hatua nyingi mfululizo zikitoa umri mmoja, mchoro unakuwa tambarare, nao wanauita uwanda. Uwanda mzuri ni furaha kubwa.

Tatizo ni zile punje za mchele. Hazikuyeyuka, kwa hiyo agoni yao ya zamani imo bado. Ni sawa na mtu aliyemwaga debe akabakiza maji ya jana: utasema mvua imenyesha siku nyingi kuliko ilivyonyesha, na tetemeko litaonekana la kale kuliko lilivyo. Ndiyo maana siku hizi leza inaelekezwa kwenye doa dogo la weusi mtupu. Kinyume chake nacho kipo. Weusi huo mwanzoni ni kioo, na kioo kikioza kwa maji ya ardhini kinavujisha gesi, umri unatoka mdogo kuliko haki. Binafsi, mtu akiniletea umri mmoja wa mshipa mmoja bila kunionyesha picha ya hadubini, simwamini.

Kazi nzuri zipo. Kule Adamello, kwenye Alpi za kaskazini mwa Italia, kuna ufa wa Gole Larghe unaokata mwamba ulioganda kutoka magma miaka kati ya milioni 34 na 32 iliyopita. Mishipa myeusi juu ya ufa huo imetoa umri wa karibu miaka milioni 30. Matetemeko hayo yalitokea kilomita 9 hadi 11 chini. Leo mlima umeinuka, barafu imeusugua, na mtu anatembea kwa miguu juu ya kitovu cha tetemeko.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Japani. Ufa wa Nojima ndio ulioteleza Januari 17, 1995, na zaidi ya watu 6,000 walikufa Kobe na maeneo ya jirani. Ndani ya ufa huo huo kuna mshipa wa sudotakilaiti. Walitumia saa nyingine: punje za zirikoni, madini magumu madogo yaliyomo ndani ya mwamba, zina urani, na atomi ya urani ikipasuka yenyewe huacha kovu dogo ndani ya punje. Joto kali hufuta makovu, kisha yanaanza kujikusanya tena. Hesabu ilitoa karibu miaka milioni 56. Ufa mmoja: tetemeko miaka milioni 56 iliyopita, na tetemeko mwaka 1995. Milima imekuja na kuondoka, mwamba bado unapasukia pale pale ulipokwisha kupasuka.

Lakini nyufa nyingi hazina mshipa mweusi. Maji yakiwa mengi, au mtelezo ukiwa karibu na uso wa ardhi, jiwe halifiki kuyeyuka. Linasagika tu na kuwa unga, wakati mwingine mlaini kama udongo wa mfinyanzi. Unga huo una saa yake. Maji ya moto yakipita humo yanaotesha madini ya ilaiti, jamii ya udongo yenye potasiamu. Ugumu ni kwamba unga una ilaiti mpya iliyoota kwenye ufa, na ya zamani iliyorithiwa kutoka kwenye mwamba uliosagwa. Suluhisho lake limenikaa moyoni kwa urahisi wake: unachuja unga katika makundi, punje kubwa, za kati na ndogo kabisa. Punje ndogo zina ilaiti mpya nyingi. Unapima umri wa kila kundi na kiasi cha ya zamani iliyomo, unachora mstari, kisha unaufuata hadi pale ambapo ya zamani ni sifuri. Mwaka 2001 Ben van der Pluijm na wenzake walichapisha tarehe za namna hiyo kwa nyufa za milima ya Rocky, Kanada. Hiyo hutoa kipindi ufa ulipokuwa ukifanya kazi, sio tetemeko moja moja.

Zipo pia nyuzi nyeupe za kalsaiti zinazoota juu ya uso wa ufa, zinazopimwa kwa urani inayogeuka risasi. Na zipo nyuso za hematiti zilizong'aa kama kioo cha kujitazamia, zinazopimwa kwa heliamu. Hizo nazipita.

Nisichokipita ni chungu. Mliofika gulio la Lyulilo mnavijua vyungu vya Wakisi wa Ikombe. Udongo wa chungu una chembe za kwatsi, yale madini ya kawaida ya mchanga, na kwatsi hutunza nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya kawaida ya ardhi. Moto wa kuchomea unaifuta yote. Ukilichukua gae miaka 800 baadaye ukalipasha tena maabara, linatoa mwanga hafifu, na kiasi cha mwanga ni muda tangu mama yule alipolichoma. Kwatsi iliyopashwa na msuguano wa ufa nayo husomwa hivyo, kwa matetemeko ya juzi juzi kijiolojia. Gae la Ikombe na unga wa ufa uliopita juu yake, hesabu moja.

Turudi nyumbani. Desemba 13, 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga upande wa Rukwa, linalohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki katika karne ya 20. Baadhi ya wataalamu wanalihusisha na ufa wa Kanda, unaopita uwanda wa Ufipa karibu na Sumbawanga. Desemba 2009 zamu ilikuwa ya Karonga, ng'ambo ya mpaka: 5.8 tarehe 6, halafu karibu wiki mbili baadaye, watu wamekwisha kurudi ndani kulala, likaja la 6.0. Nilikuwa Kyela kwa mjomba. Nakumbuka sauti ya vyombo kabatini kabla sijahisi kitanda.

Nawasilisha. Maswali karibuni, na mwenye mawe aweke picha.

Kijana_Tukuyu

Ndaga fijo mkuu, somo limeingia. Mawili. Kwanza, Rungwe iko hapo jirani, na Kyejo ililipuka kama miaka 200 iliyopita. Utajuaje huo mshipa sio lava tu iliyopenya? Pili, kwa nini wasitumie kaboni 14, tumalize ubishi?

Mkinga_Mawe

Mkuu, swali la kwanza nililala nalo wiki nzima. Lava hutoka mbali, kwa hiyo kemia yake ni ngeni kwa mwamba inaoupenya, na njia yake huendelea kwenda na kutoka. Uji wa msuguano umetengenezwa na mwamba wenyewe, kemia yao inakaribiana sana. Unakaa juu ya uso wa mtelezo, matawi yake yanaanzia hapo na kufa ndani ya sentimita chache, na vipunje vilivyozama ni vya ukutani. Hukumu kamili inatolewa na kipande cha jiwe kilichosuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga unapita ndani yake, unakiweka chini ya hadubini. Cha jiwe langu nimekitengeneza, na upande mmoja wa mshipa punje za kwatsi zimekatika na kusogezwa. Lava haifanyi hivyo.

Kaboni 14 inahitaji kitu kilichowahi kuishi: mkaa, mbao, gome la konokono. Halafu nusu yake huisha kwa miaka 5,730, kwa hiyo ukifika kama miaka 50,000 hakuna cha kupima. Kwa matetemeko ya karibuni inafaa sana. Unachimba mtaro kukatisha ufa, unatazama matabaka yapi yamekatika na yapi yamelala juu bila kukatika, unachukua mkaa wa pande zote mbili. Tetemeko liko katikati. Kerry Sieh alifanya hivyo Pallett Creek, California, na kuchapisha mwaka 1978. Mtaro unasoma miaka maelfu, mshipa mweusi unasoma mamilioni.

Dada_Uyole

Nimesoma yote. Mimi naanza msingi mwezi ujao hapa Uyole. Fundi anasema nondo za kona ni kupoteza hela, Mbeya hakuna tetemeko la kubomoa nyumba. Sasa hiyo miaka milioni 30 ya Italia inanisaidia nini?

Mkinga_Mawe

Dada yangu, namba ya Italia haikusaidii. Kinachokusaidia ni kujua kama nyufa za kwetu zimewahi kutoa makubwa, na zinarudia baada ya muda gani.

Kuhusu kuwahi: mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokiona kwenye mashapo ya upande wa Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya. Matabaka yamevurugika vibaya, mchanga umerushwa juu kupitia matabaka mengine, na mapande makubwa ya ardhi yameinuliwa kutoka mahali pake. Ni alama za tetemeko kubwa la mwishoni mwa Plaistosini, kipindi cha kati ya miaka 129,000 na 11,700 iliyopita. Hapo ni mwendo wa daladala kutoka kwako.

Kuhusu kurudia: Bonde la Ufa kwetu linatanuka milimita chache kwa mwaka. Tuseme ni 3. Tetemeko la kutelezesha ufa mita 3 litahitaji miaka 1,000 kujikusanya. Fundi wako labda ana miaka 25 kazini, na amesema kweli ya miaka 25. Mwaka 1910 watu wengi walilala kwenye nyumba za miti na nyasi. Leo ni tofali za kuchoma, bati na ghorofa. Weka nondo za kona, na mkanda wa zege juu ya milango na madirisha uzunguke nyumba yote bila kukatika. Ukifika hatua hiyo niandikie, nitakuja kuangalia mwenyewe.

Mwl_Isimani

Kamwene. Nafundisha Iringa Vijijini. Wanafunzi huniletea mawe mazito yenye punje nyekundu za madini ya ganeti kwenye kijani. Nilisoma kwamba ya huku Isimani ni ya miaka bilioni 2. Je, hayo nayo ni matetemeko?

Mkinga_Mawe

Kamwene mwalimu. Hiyo ni eklojaiti, na kweli Isimani ina za kale kuliko nyingi duniani. Utafiti wa mwaka 1995 ulizipa karibu miaka bilioni 2. Umri huo ni wa kupikwa: mwamba ulishushwa chini sana, ganeti zikaota. Kama jiwe lina ufa uliokata ganeti, ufa ni mdogo kwao, na lazima utafutiwe saa yake. Waulize wanafunzi waangalie kitu kimoja: ganeti ni nzima au zimekatwa? Mtoto wa kidato cha pili anaweza kupanga nani alitangulia bila mashine yoyote.

Jambo jingine la kuwaonyesha kwenye ramani: Rukwa na Nyasa ya kaskazini zimelala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, mwelekeo ule ule wa miamba ya Ubendi. Bonde changa limefuata mishono ya zamani.

Duara_Chunya

Mimi ni mchimbaji mdogo, Chunya. Mwamba tunaoufuata kwenye duara letu ni kwatsi nyeupe yenye mistari myembamba myeusi, kama daftari ukilitazama upande wa kurasa. Wazee wa hapa wanasema wenye mistari ndio wenye mali. Hiyo nayo ni habari ya tetemeko?

Mkinga_Mawe

Mkuu, wewe unafanya kazi ndani ya ufa wa kale. Sibson yule yule, mwaka 1988 akiwa na wenzake, alieleza hivi: maji ya moto yanapanda kutoka chini, yanakuta ufa umezibwa, shinikizo linajaa. Ufa unashindwa, unateleza, unafunguka. Shinikizo linaporomoka ghafla, na maji hayawezi tena kushika kwatsi na dhahabu yaliyokuwa yameyeyusha. Vinashuka ukutani, ufa unaziba, hadithi inaanza upya. Mistari yako myeusi mara nyingi ni ngozi nyembamba za ukuta zilizobanduka ufa ulipofunguka. Wazee wako wako sawa: penye kufunguka mara nyingi, maji yenye mali yamepita mara nyingi.

Tarehe ya Lupa, eneo la dhahabu la huko kwenu Chunya, ilipatikana kwa pairaiti (madini ya chuma na salfa) iliyoota pamoja na dhahabu. Ina metali ya reniamu kidogo, ambayo taratibu hugeuka metali nyingine, osmiamu. Imetoa karibu miaka bilioni 1.88.

Tahadhari, mstari mmoja usiuhesabu kuwa tetemeko moja. Mwingine ni kiufa kidogo tu kilichofunguka. Ila nitafurahi ukichukua kipande ukakilowesha na kuhesabu. Usikitoe kwenye nguzo wala karibu na matimba.

Duara_Chunya

Nimerudi mkuu. Kipande nimekitoa kwenye rundo la nje, ukubwa wa kiganja changu. Nimekilowesha, nimemulika tochi kwa ubavu. Mistari 31. Upande wa ukutani imebanana, huwezi kupitisha ukucha. Upande wa ndani imeachana upana wa kidole. Kati ya wa nane na wa tisa kuna kipande cha mwamba mweusi, chembamba kama kucha, kimezungukwa na nyeupe pande zote, na ukikitazama vizuri umbo lake linalingana na pengo lililoko ukutani, kama kilibanduka pale. Vingine vimekwenda karasha leo asubuhi. Hiki nimekifunga kwenye kitambaa, nitakileta Mbeya Jumamosi.